Mashamba ya Jua na Fedha Zake

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Nimemwomba Mhariri wa gazeti letu anipe nafasi nieleze jambo ambalo huenda wengine wakaliona si la mvulana wa shule, yaani jinsi watu watiavyo fedha katika mashamba makubwa ya nguvu za jua, na jinsi fedha hizo zirudivyo, au zisivyorudi. Sikulichagua kwa sababu ya mtihani. Lilikuja lenyewe nyumbani kwetu, upande wa Bamba, wakati wa likizo ya mwezi wa Agosti.

Siku hiyo alifika bwana mmoja juu ya pikipiki, amevaa shati jeupe ambalo sijui vumbi la njia yetu lililikosaje. Alimwamkia babu kwa adabu, "Shikamoo, mzee," akapewa kiti na maji ya kunywa. Kisha akatoa karatasi zenye picha za rangi. Alisema kwamba kampuni yake itajenga shamba la jua katika mtaa wetu, na umeme wake utauzwa kwa viwanda vya Mombasa. Alitaka mambo mawili. La kwanza, babu atie sahihi kukodisha ekari zake 9 kwa muda wa miaka 25. La pili, kila nyumba inunue hisa, moja kwa shilingi 20,000, na kila hisa italeta shilingi 5,000 kwa mwezi mara shamba litakapoanza kazi. Baba mdogo alifurahi mno. Anao fahali wawili wa kulimia, na jioni ile ile alisema kwamba atawapeleka mnadani.

Babu hakusema ndiyo wala la. Alinigeukia akasema, "Mjukuu wangu, wewe ndiwe unayesoma mambo ya stima huko shuleni. Hebu tueleze, haya ni kweli?"

Niliona haya. Naijua kanuni ya Ohm, na naweza kuchora mzunguko wa umeme hata usiku wa manane, lakini jinsi uwanja wa vioo ugeukavyo kuwa fedha mfukoni mwa mtu sikuijua kabisa. Nikamwambia, "Babu, nipe muda nikawaulize walimu." Baba mdogo akacheka, akasema kwamba basi ada yangu ya shule ni hasara tupu. Walakini alikubali kungoja barua yangu, maana kama mjuavyo simu haziruhusiwi hapa shuleni.

Mwalimu wetu wa Fizikia alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitazamia atafungua kitabu atoe habari za jua. Badala yake aliniuliza, "Mnunuzi ni nani?"

Nikajibu, "Viwanda vya Mombasa, mwalimu."

"Viwanda gani? Vimetia sahihi karatasi gani, ya miaka mingapi, kwa bei gani?"

Sikuwa na la kusema. Kwa muda wa majuma mawili yaliyofuata nilikwenda kwake na kwa mwalimu wetu wa Biashara kila jioni baada ya michezo, na haya niandikayo ni mavuno ya jioni hizo.

Yafaa kwanza niseme machache juu ya kazi yenyewe, kwa ajili ya wadogo zetu wa vidato vya chini. Jua la saa sita mchana, mahali pasipo mawingu, huangusha nguvu zipatazo kilowati 1 juu ya kila mita 1 ya mraba. Paneli za siku hizi hugeuza kadiri ya sehemu moja katika tano ya nguvu hizo kuwa umeme. Umeme huo hutoka ukienda upande mmoja tu, kama ule wa betri ya tochi, kwa hiyo hupitishwa katika mashine iitwayo inveta, nayo huufanya uende na kurudi kama umeme wa taa zetu za bweni. Kisha transfoma huuongezea nguvu ya msukumo ili usafiri mbali pasipo kupotea mwingi njiani. Hakuna moshi wala mafuta ya kununua, na wafanya kazi ni wachache: wafyeka nyasi, wafuta vumbi, walinzi na mafundi. Karibu gharama yote hulipwa siku ya kwanza. Jambo hilo la mwisho naomba msomaji alishike, kwa kuwa mambo mengine yote yametoka katika hilo.

Katika kaunti yetu ya Kilifi limo shamba la namna hiyo huko Langobaya, bara ya Malindi. Mjomba wangu anakaa si mbali na hapo, nami nimelitazama mara nyingi nikiwa nje ya ua wake. Ukiliona kwa mbali asubuhi utadhani ni ziwa. Lina paneli zipatazo 157,000. Paneli hizo zote pamoja zina uwezo wa megawati 52, na umeme uingiao katika waya za taifa ni megawati 40. Lilianza kuuza umeme mwezi wa Desemba 2021. Wenyewe ni kampuni iitwayo Globeleq, yenye makao yake London, pamoja na Africa Energy Development Corporation. Mnunuzi ni mmoja tu, Kenya Power, kwa mkataba wa miaka 20.

Shamba hilo liligharimu dola milioni 69 za Marekani. Nilipoambiwa kwamba katika hizo dola milioni 52 zilikuwa za mkopo, nilistaajabu. Zilikopeshwa na shirika la Serikali ya Uingereza lililoitwa CDC wakati huo (siku hizi laitwa British International Investment), na shirika la Ujerumani liitwalo DEG. Wenye shamba wenyewe walihitaji kutia kama robo tu ya gharama. Sasa, wazazi wangu, fikirini: ni nani atakayekukopesha robo tatu ya gharama ya vioo vilivyotandazwa porini? Akija kuvishika kwa deni atavifanyia nini? Paneli iliyokwisha kutumika haina bei kubwa, na kuing'oa ni kazi. Mkopeshaji hakushika vioo. Alishika ile karatasi ya miaka 20. Karatasi hiyo yasema kwamba kila yuniti ya umeme itakayotoka Langobaya ina mtu aliyeahidi kuinunua, kwa bei ijulikanayo tangu mwanzo. Kwa kuwa jua la Malindi laweza kukisiwa kwa mwaka mzima bila kukosea sana, na bei imekwisha kuandikwa, mkopeshaji aweza kuhesabu fedha za mwaka wa 15 akiwa ameketi mezani kabla ya nguzo ya kwanza kuchimbiwa. Bila ya karatasi hiyo hangetoa hata senti. Hii ndiyo maana ya swali la mwalimu.

Na fedha zinapoingia, hazigawanywi kama pilau ya harusi, kila aliyefika apate sahani yake. Kuna foleni. Kwanza hulipwa wafanya kazi, bima, kodi ya ardhi na matengenezo. Nyuma yao husimama mkopeshaji, achukue riba yake na sehemu ya mkopo. Mwenye hisa yuko mwisho kabisa, karibu na mlango, na akikuta masalio hayo ndiyo faida yake. Mwaka wa mawingu mengi, au mwaka ambao inveta zimeharibika, yeye ndiye wa kwanza kurudi nyumbani na sahani tupu. Baba mdogo alidhani kwamba mwenye hisa hula kwanza kwa sababu yeye ndiye "mwenye mali." Mimi pia nilidhani hivyo.

Juu ya bei iko hadithi ambayo ilinipendeza. Mnamo mwaka wa 2012 Serikali ya Kenya ilitangaza bei ya kununulia umeme wa jua: senti 12 za dola kwa kila yuniti, yaani kilowati moja kwa saa moja, kwa mashamba ya megawati 10 mpaka 40. Basi tazama mashamba yaliyojengwa na makampuni: la Langobaya ni megawati 40, na yale ya Uasin Gishu, Radiant na Eldosol, kila moja ni megawati 40. Si kwamba jua la Eldoret na la Malindi yamekubaliana. Watu walijenga kwa kipimo cha mlango. La Garissa ni megawati 50, lakini hilo ni mali ya Serikali, lililojengwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, na lilifunguliwa rasmi mwezi wa Desemba 2019.

Sasa angalia tena neno lile: senti za dola. Mama yangu hulipa stima kwa shilingi. Mwishoni mwa mwaka wa 2021 dola moja ilikuwa kama shilingi 113, kwa hiyo senti 12 zilikuwa shilingi 13 na senti 56. Mwezi wa Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, na senti zile zile 12 zikawa shilingi 19 na senti 20. Jua halikubadilika, wala paneli hazikubadilika, lakini umeme ulipanda bei kwa mnunuzi kwa karibu nusu. Baadaye shilingi yetu ilipata nguvu tena. Mwenye shamba hawezi kulaumiwa moja kwa moja, kwa maana amekopa dola na sharti arudishe dola, lakini mzigo wote humwangukia mtu aliyeko mwisho wa waya. Mimi naona kwamba hapa ndipo mikataba hii ilipokosewa, na si kwenye jua.

Wakubwa nao waliona. Mwezi wa Machi 2021 Rais aliunda kamati ya kuichunguza mikataba yote ya kununua umeme, na kwa miaka kadhaa kutiwa sahihi kwa mikataba mipya kulizuiwa. Mwaka huo huo wa 2021 Serikali iliacha bei ile ya kutangazwa kwa mashamba ya jua na ya upepo, ikasema kwamba yatakayofuata yatashindana mnadani, atakayetaka bei ndogo ndiye apewe. Ni haki, kwa sababu vyombo vyenyewe vimekuwa rahisi mno. Kwa hesabu za shirika la kimataifa liitwalo IRENA, gharama ya kutoa yuniti moja katika mashamba makubwa ya jua ilishuka kwa kadiri ya asilimia 90 kati ya mwaka wa 2010 na mwaka wa 2023.

Nirudi kwa bwana wa shati jeupe, ambaye hakutaja Kenya Power bali viwanda. Je, kampuni yaweza kujinunulia umeme wa jua yenyewe? Yaweza, na wako walioanza zamani. Shamba la majani ya chai la Changoi, upande wa Kericho na Bomet, lilijengewa paneli za megawati 1 mwaka wa 2014. Duka kubwa la Garden City huko Nairobi liliweka paneli za kilowati 858 juu ya maegesho ya magari mwaka wa 2015, na magari yakapata kivuli bure. Sheria ya Kawi ya mwaka wa 2019 yasema kwamba mtu anayejitengenezea umeme wa matumizi yake mwenyewe, usiozidi megawati 1, hahitaji leseni. Katika njia hii paneli ziko juu ya paa la mnunuzi na waya ni mfupi. Aghalabu kampuni nyingine ndiyo hutoa mtaji, na mwenye kiwanda hulipa kwa yuniti.

Kwa nini mwenye kiwanda apende jambo hili? Mwalimu wetu wa Biashara alitupa mfano wa kiwanda cha barafu cha kuhifadhia samaki. Gharama yake kubwa ni umeme, na bei yake hupanda bila kumwuliza. Akipata mtu wa kumwambia, "Kwa miaka 15 utanilipa kiasi hiki," aweza kulala usingizi. Walakini miaka 15 ni mingi. Mwenye kutia fedha naye sharti ajiulize kama kiwanda hicho cha barafu kitakuwapo mwaka wa 12, au kitakuwa ghala tupu lenye popo. Kenya Power ina matatizo yake, lakini hakuna ajuaye kijiji kinachotaka kuacha kuwasha taa.

Njia ya pili ni ngumu zaidi, nayo ndiyo aliyodai mgeni wetu: shamba liwe mbali porini, kiwanda kiwe mjini, na umeme upite katika waya wa mtu mwingine. Huko Afrika Kusini jambo hili hufanyika. Mwaka wa 2021 shamba la megawati 10 katika jimbo la Northern Cape lilianza kutoa umeme kwa ajili ya kampuni ya Amazon, nao hupita katika waya za Eskom. Ni kama kupitisha ng'ombe katika shamba la jirani ili wafike mtoni. Jirani atataka ushuru wake, na ng'ombe wakipotea njiani lazima ijulikane hasara ni ya nani. Hapa kwetu sheria ile ya 2019 iliufungua mlango huo, lakini ushuru wa waya sharti ujulikane na uandikwe kabla mtu hajatia shilingi yake ya kwanza. Mgeni wetu hakutaja waya hata mara moja, na kutoka kwa babu mpaka kwenye waya mkubwa wa umeme ni mwendo wa nusu siku kwa miguu.

Waya si jambo dogo. Vinu vya upepo vya Ziwa Turkana, megawati 310, vilikuwa vimekwisha kusimama mwaka wa 2017, lakini waya wake wa zaidi ya kilomita 400 mpaka Suswa haukuwa tayari mpaka mwezi wa Septemba 2018. Kwa muda huo wote upepo ulivuma bure, na fidia ya kuchelewa iliangukia upande wa Serikali, yaani sisi. Huo ulikuwa upepo, bali shamba la jua lisilo na waya laweza kupatwa na mambo hayo hayo.

Tena kuna usiku. Wakenya hutumia umeme mwingi zaidi jioni, kati ya saa 1 na saa 3 usiku, watu wanapopika na kuwasha taa na televisheni, na wakati huo paneli zote za Langobaya zimelala kama kuku. Dawa yake ni betri kubwa, nazo bei yake yashuka, ila huongeza gharama ya siku ya kwanza. Kiwanda kifanyacho kazi mchana hakina taabu hiyo sana, na hii ndiyo sababu moja ya viwanda kupatana vizuri na jua kuliko majumba.

Sasa nifike kwenye hesabu, ambayo niliiandika mara tatu ili kuhakikisha. Langobaya iligharimu dola milioni 69 kwa megawati 52 za paneli, yaani kama dola 1,330,000 kwa kila megawati. Tuseme, kwa kukisia kwa uangalifu, megawati moja ya paneli hapa pwani yatoa yuniti 1,500,000 kwa mwaka. Kwa bei ya senti 12, hizo ni dola 180,000. Basi katika kila dola 100 ulizotia, shamba hurudisha dola 13 na nusu kwa mwaka, na hapo hujamlipa mlinzi, wala bima, wala riba ya mkopo, wala kodi ya Serikali. Yahitaji zaidi ya miaka 7 ya kuuza umeme ili kufikia ile gharama ya kwanza tu. Kwa bei ya senti 6 yahitaji karibu miaka 15. Ni kweli kwamba paneli za leo ni rahisi kuliko za wakati ule, lakini bei ya kuuzia nayo imeshuka.

Kisha nikaichukua ahadi ya bwana wetu. Shilingi 20,000 zirudishe shilingi 5,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 60,000. Katika kila shilingi 100, arudishe shilingi 300 kila mwaka.

Niliziweka namba hizo mbili pamoja juu ya ukurasa, 13 na nusu, na 300. Mwalimu alizitazama, akavua miwani yake, asiseme neno.

Sitaki msomaji afikiri kwamba mimi ni adui wa mashamba haya. Hata! Nayapenda. Nchi kama Ganze yetu, ambako mvua hutudanganya miaka miwili kati ya mitatu, ina haki ya kuvuna kitu kisichohitaji mvua. Wala sisemi kwamba kila aletaye karatasi ni mwongo. Lakini shamba la kweli huacha nyayo nyingi kabla ya kuota: leseni kutoka EPRA, cheti cha NEMA juu ya mazingira, na ikiwa hisa zauzwa kwa watu wote, kibali cha Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Nyayo hizi zaweza kutazamwa na mtu yeyote aendaye kuuliza.

Jambo la ardhi ndilo lililomkalia babu moyoni kuliko hisa. Garissa hekta 85 zatoa megawati 50, yaani kama ekari 4 na kidogo kwa kila megawati. Ekari 9 za babu zingetosha megawati 2, ambazo si shamba la kuleta waya mpya. Ingekuwa lazima majirani wengi wakubali pamoja. Na ardhi ya kilimo haikodishwi kwa miaka 25 chini ya mwembe. Kuna Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, ambayo idhini yake yatakiwa. Watu wakiona wamerukwa katika mambo ya ardhi, hata kampuni yenye fedha nyingi hushindwa. Huko Kinangop palikuwa na mpango wa vinu vya upepo vya megawati 60, fedha zilikuwapo na mnunuzi alikuwapo, lakini wenyeji walikataa, na mwaka wa 2016 mpango ukaachwa. Kwa miaka 25 babu hangelima wala kuchunga hapo. Sasa ana miaka 74. Aliponiuliza, hakuuliza kodi ni kiasi gani. Aliuliza ni nani atakayeng'oa vyuma hivyo mwaka wa 26, yeye akiwa hayupo. Nililipeleka swali hilo kwa mwalimu wa Biashara, naye akasema kwamba katika mkataba mzuri huandikwa wazi, pamoja na fedha za kazi hiyo kuwekwa kando mapema, na kwamba ni wachache waulizao.

Basi nikaandika barua nyumbani, kurasa 4. Nilimwomba baba mdogo amwulize yule bwana mambo haya: mnunuzi ni nani na mkataba wake uko wapi; umeme utapita katika waya wa nani, na ushuru wake ni kiasi gani; leseni ni namba ngapi; nani amekopesha zile robo tatu; na vyuma vitang'olewa na nani. Nikaiandika hesabu yote chini, kwa herufi kubwa, kwa sababu macho ya babu yamechoka. Barua niliitia posta siku ya Jumanne.

Ilifika baada ya siku 9. Siku ya 6 baba mdogo alikuwa amekwisha kumwuza fahali mmoja na kulipa hisa mbili.

Babu hakutia sahihi. Yule bwana aliposomewa maswali alisema kwamba majibu yako katika ofisi ya Nairobi, na kwamba atarudi Jumatatu na mkubwa wake. Jumatatu hiyo imepita, na nyingine tano nyuma yake. Nyumba kumi na moja za mtaa wetu zililipa, mojawapo ya mama mjane auzaye maandazi sokoni. Baba mdogo na wenzake wamepiga ripoti kituoni. Fahali aliyebaki hulima pamoja na wa jirani, zamu kwa zamu, na babu aniandikia kwamba hawajazoeana, mmoja huvuta kwa haraka na mwingine husimama.

Juma lililopita nilipata barua kutoka kwa baba mdogo mwenyewe. Hakutaja ada ya shule. Ndani yake alitia risiti ile ya shilingi 40,000, imekunjwa mara nne, na kuniomba niwaonyeshe walimu, kama labda katika namba zilizo chini yake wao wataona kitu ambacho yeye hakukiona.